Namna ya Kukwama kwenye Swali la Hesabu

Mahitaji: swali moja, penseli, karatasi za kuharibu, na bibi, au mtu yeyote nyumbani ambaye hesabu za sekondari hazijui. Simu yenye bando pia iwepo, ila iwe kabatini pamoja na sahani, na kila mtu ajue iko humo. Kukwama kwa sababu huna pa kuuliza ni shida tu. Ninakufundisha kukwama kwa hiari.

Hiari hiyo imekuwa ngumu. Photomath ilipotoka mwaka 2014, mwanafunzi alianza kuelekeza kamera kwenye daftari na kupata jibu pamoja na hatua zake kabla hajakaa vizuri. Mwishoni mwa 2022 ikaja ChatGPT, nayo haichagui somo. Majibu yao mara nyingi ni sahihi, kwa hiyo usahihi sigombani nao. Ninachogombania ni kile kinachotokea kichwani kabla jibu halijafika.

Anza kwa kumsimulia bibi. Mpwa wangu, kidato cha pili, alikuwa na swali la Kiingereza ambalo kwa Kiswahili ni hili: shamba la mstatili lina mzingo wa mita 60 na eneo la mita za mraba 200, tafuta urefu na upana. Bibi yake alikuwa anachambua mchele. Akauliza, bila kuinua macho kwenye ungo, "Kwa hiyo ukilizunguka lote ndiyo hizo sitini?"

"Ndiyo, bibi."

"Basi ukipita upande mrefu ukakata kona ukapita mfupi, umefika nusu."

Kijana akaandika 30. Penseli imeshaanza kazi, na mwalimu wake ni mama asiyejua mlinganyo ni nini.

Sasa kosea, na usifute. Mpwa wangu akajaribu 15 kwa 15, akapata 225. Nyingi mno. Akajaribu 16 kwa 14: 224. Kisha 17 kwa 13: 221. Kisha 18 kwa 12: 216. Hapo akachoka, akaja kwangu kwa sauti ya upole kabisa: "Mjomba, nipe simu niangalie tu kama niko sawa."

Shika sana hapa. Hiyo "niangalie tu" ndiyo inayomaliza swali. Nikamtuma maji. Alirudi na ndoo, akaiweka, akasimama juu ya karatasi yake muda mrefu. Pembeni ya kila jibu akaandika limepungua kiasi gani kutoka 225: moja, nne, tisa.

"Mjomba, hizi ni namba za kujizidisha! Moja kwa moja, mbili kwa mbili, tatu kwa tatu." Akahesabu kwa vidole. Kufika 200 zinatakiwa zipungue 25, ambayo ni tano kwa tano. Basi sogea tano kutoka 15 kila upande: 20 na 10. Alicheka peke yake, na mimi nikacheka kwa kumwona.

Simu ingempa mlinganyo, ikautafutia vigawo, ikamletea 20 na 10 zilezile. Ile moja, nne, tisa asingeiona.

Mnaodhani ni ukaidi wa wazee, tazameni Uturuki. Utafiti uliochapishwa mwaka 2025 ulifuatilia karibu wanafunzi 1,000 wa sekondari waliokuwa wakifanya mazoezi ya hesabu. Waliopewa GPT-4 ya kawaida walifanya mazoezi vizuri zaidi kwa asilimia 48. Iliponyang'anywa kwenye mtihani, wakawa chini kwa asilimia 17 kuliko wenzao ambao hawakuwahi kuishika. Waliopewa ile iliyotengenezwa ili itoe dokezo badala ya jibu, hasara hiyo kwa kiasi kikubwa iliwaepuka. Kwa hiyo siku ukilazimika kuifungua, omba dokezo. Moja tu.

Utakwama kwa muda gani? Swali la daftarini, lipe nusu saa na ndoo moja ya maji. Mengine yanadai zaidi. Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa Magamba, Lushoto, mwaka 1963, alipoona maziwa yake ya aiskrimu, aliyoyaweka kwenye friza yakiwa moto, yameganda kabla ya yale ya mwenzake. Mwalimu akamwambia amechanganyikiwa. Hakuliacha swali. Alimuuliza rafiki aliyekuwa akiuza aiskrimu Tanga, akahama nalo hadi Mkwawa, Iringa, na huko akamuuliza Profesa Denis Osborne mbele ya wenzake waliomcheka. Mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala pamoja, na wanafizikia bado wanabishana juu ya jambo lile. Miaka yote hiyo aliishi na swali lisilo na jibu, na ninatamani kila mtoto aonje hilo japo kwa jioni moja.

Ukishamaliza, toa simu kabatini. Mpwa wangu alipiga picha swali lake, akasoma hatua zote, akasema, "Yenyewe imepita njia nyingine." Akaiweka chini.

"Na eneo lingekuwa 210, mjomba? Inapungua 15. Lakini 15 hakuna namba inayojizidisha ikaileta."

Akaomba karatasi nyingine.