Jinsi ya Kumpata Mama Kiongozi Rugaaga

Mgeni unayetoka Mbarara na fomu zako, karibu Rugaaga, wilayani Isingiro, Uganda. Umepewa siku moja kumtafuta mwanamke wa kuongoza mradi wa kilimo. Fuata hatua hizi, hutakosea.

1. Itisha mkutano saa nne asubuhi, wenye mashamba wakiwa palizini. Waliokuja ndio wapenda maendeleo.

2. Uliza kwa Kiingereza. Makazi ya Nakivale, hapa wilayani, yanapokea wakimbizi tangu 1958, na sokoni Mkongomani, Mrundi na Mnyankole hupatana bei ya maharagwe bila mkalimani. Hayo ni ya soko. Uongozi una lugha yake.

3. Mteue mwenye kalamu. Kwenye kikundi cha kuweka na kukopa yupo mama anayetaja kwa kichwa nani kalipa, nani anadaiwa, na gunia la nani limeingia fukusi. Mpite. Katibu ni kijana aliyemaliza sekondari: anaandika anayoambiwa na mama yule, na semina anakwenda yeye.

4. Usiulize kwa nini mama hakusoma. Utaambiwa kwamba elimu ya msingi bila ada, UPE, ilianza 1997 kwa watoto wanne wa kila familia, na kwamba aliyezaliwa 1980 alikuwa akitimiza miaka 17 mwaka huo. Aliyekimbia vita Kivu, darasa lake liliishia njiani. Fomu yako haina nafasi ya habari ndefu. Andika: "Uwezo mdogo."

5. Dalali akiandika kilo pungufu za gunia, na mama aliyelibeba mgongoni akasema zimepita hizo, amini karatasi. Mgongo hautoi risiti.

6. Kwa wenyeji kuna fedha za PDM, mpango wa serikali wa maendeleo ya parishi uliozinduliwa 2022: shilingi milioni 100 kwa kila parishi, na kaya hukopeshwa hadi milioni moja. Mama akitaka kuomba, mjazie fomu wewe. Penye namba ya simu, andika ya mumewe. Mkopo ukishindwa kufika shambani, umeshajua sababu: wanawake hawajui biashara.

7. Mradi ukifa, pendekeza mafunzo ya uongozi kwa akina mama. Kisha, kwa siri, mtafute yule uliyempita akusaidie kukusanya madeni. Daftari la katibu limepotea, na mama yule anayakumbuka yote.