Kiti cha Nyuma Kina Mwenyewe

Pikipiki ina nafasi mbili za kukalia, na ukiwa Barabara ya Kilwa jambo hilo lina nguvu kuliko kadi ya umiliki. Inunue kwa hela yako, ijaze mafuta mpaka shingoni, muage mama, utangazie ukoo mzima kwamba unakwenda Mtwara kutembea, peke yako, kupunga upepo wa bahari. Sawa. Yote hayo yanahusu kiti cha mbele. Cha nyuma kina mwenyewe, naye ameshasimama kando ya barabara anapunga mkono.

Kwenye video za mtandaoni nimewaona wanaume wa nchi za watu wakiambaa na bahari juu ya mapikipiki makubwa, miwani myeusi, koti la ngozi, na hakuna anayewasimamisha. Mimi yangu ni cc 125 yenye keria. Mbagala Rangi Tatu sijapita vizuri, mama mmoja akawa ameshajipandia na ndoo yake.

"Kongowe, mwanangu. Si buku?"

Nikamweleza kwa adabu kwamba mimi si bodaboda, ni msafiri. Akanitazama kuanzia kofia ngumu mpaka kandambili.

"Haya, msafiri. Twende basi, jua kali."

Kongowe akashuka, akatoa buku. Nikaipokea, maana kukataa hela mbele ya watu wazima wanaokushangaa ni kujitafutia maswali mapya.

Jambo jingine ambalo video hizo hazilisemi ni kwamba barabara ya pwani hailazimiki kuiona bahari. Kutoka Dar es Salaam hadi Mtwara ni kilomita 560 hivi, na sehemu kubwa ya hizo utaangalia mikorosho, mihogo na matuta ya barabarani. Vikindu, Mkuranga, Kibiti: Bahari ya Hindi iko huko kushoto, unaijua kwa ramani na kwa imani. Ndiyo maana nilipofika Ikwiriri nilikuwa nimekwishakata tamaa ya mandhari, nikasimama kunywa maji. Kusimama ndiko kulikoniponza.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Kwema utokako?"

"Kwema, mzee."

"Safari ya wapi?"

"Mtwara."

"Alhamdulillahi," akasema, akapandisha kanzu, akapanda. "Utanishusha Somanga."

Chini ya kwapa alikuwa na jogoo mwekundu, miguu imefungwa kwa utambi wa kitambaa, kichwa kiko huru. Kichwa hicho ndicho kilichonisindikiza. Kila nikipunguza mwendo, jogoo alikuwa ananidonoa ubavuni, pale pale, kwa uaminifu wa mwajiriwa mpya. Hatujatoka mjini, trafiki akatunyooshea mkono.

"Abiria wako kofia yake iko wapi?"

"Mimi si abiria," mzee akadakia. "Mimi ni baba yake."

Afande akamtazama, akamtazama na jogoo. "Kwa hiyo baba hana kichwa?"

Hapo mzee alinyamaza, na mimi nikaandikiwa faini, haki kabisa. Tulirudi kijiweni, kijana mmoja akaniuzia kofia ya pili kwa bei ya mtu anayejua umetoka wapi na kwa nini umerudi.

Baada ya Ikwiriri unavuka Rufiji kwa Daraja la Mkapa, refu karibu mita 970, lililofunguliwa mwaka 2003. Mzee aliniamuru nisimame katikati. Akanisimulia habari za pantoni ya Ndundu, ya kabla ya daraja: abiria walivyokuwa wanalala kingoni na mizigo yao, maji yakijaa wanalala tena, samaki wanaoza, maharusi wanasubiriwa Kilwa hawaonekani. Halafu akaomba simu anipige picha. Picha ninayo mpaka leo. Ina kidole gumba cha mzee, kipande cha mto, na jogoo mzima.

Somanga tuliagana kwa dua ndefu. Hapo wauza samaki huyakimbilia mabasi na masinia kichwani, biashara inapita dirishani. Pikipiki haina dirisha, kwa hiyo samaki waliletwa usoni kwangu moja kwa moja. Nilinunua changu wa kukaanga, akafungwa gazetini, gazeti likatiwa kwenye mfuko mwembamba, mfuko ukaning'inizwa kwenye usukani upande wa klachi. Mafuta yalivuja taratibu. Yakashuka kwenye mkono wa klachi, kwenye vidole, kwenye goti la suruali, na nilipotaka kubadili gia kwenye tuta la kwanza, kidole kiliteleza na pikipiki ikaruka mbele kwa hasira. Nilisimama nikamla changu palepale kama hatua ya usalama barabarani.

Nangurukuru ndipo unapokata kushoto kwenda Kilwa Masoko, na kabla sijafika, tairi la nyuma likakaa chini. Fundi alikuwa chini ya mwembe, na watazamaji wake walikuwa wameshakaa kabla yangu. Akachomoa tyubu, akaizamisha kwenye beseni, mapovu yakatoka sehemu mbili. Akasugua kwa msasa, akapaka gundi, akaanza kuipuliza ikauke.

"Bosi wako anataka hesabu ngapi kwa siku?"

"Pikipiki ni yangu."

"Aa, mkataba umeisha?"

"Sikuwa na mkataba. Niliinunua."

"Sasa huku umefuata nini?"

"Natembea tu."

Fundi akaacha kupuliza gundi. Watazamaji nao wakasogea.

"Mkeo anajua?"

Kilwa Masoko nilipanda boti kwenda Kisiwani, kwenye magofu ya msikiti mkuu na Husuni Kubwa. Ufunguo nilimwachia mama muuza chai pale bandarini, jua likigeuka aisogeze pikipiki kivulini. Niliporudi, kivuli kilikuwepo, pikipiki haipo.

"Itarudi," akasema mama bila kugeuka. "Kaa unywe chai."

Nikanywa ya kwanza. Nikanywa ya pili. Nikiwa katikati ya chapati, akatokea kijana na pikipiki yangu, akashusha abiria mwenye gunia la mkaa, akahesabu noti mbele yangu, akanikabidhi. "Hesabu yako ya leo, bosi. Mafuta nimeweka, na ya chai yangu nimekata." Alikuwa mtoto wa dada yake mama.

Nilitaka kukasirika, ila historia ya mahali pale haikuniruhusu. Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331, alimkuta Sultani al-Hasan bin Sulaiman, mtu aliyesifika kwa ukarimu. Anasimulia kwamba fakiri mmoja wa Yemen alimsimamisha sultani akitoka kuswali Ijumaa, akamwomba nguo alizovaa mwilini. Sultani akaenda kubadili, akampa. Mji ambao mtawala wake alivuliwa kanzu njiani hauwezi kuona ajabu pikipiki kuazimwa.

Bahari yenyewe, ile ya kwenye video, nilikutana nayo vizuri Lindi: unateremka mlima na ghuba yote inafunguka mbele yako, ya buluu, na majahazi. Nilizima injini nitulie. Utulivu ukadumu muda wa mtu kuvua kofia tu.

"Kaka, unaelekea Mikindani? Nina kimzigo kidogo cha dada yangu."

Kimzigo kilikuwa gunia la ming'oko. Nilipofungua mdomo kulalamika, nikakumbuka niko wapi. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria pale Tendaguru, na wapagazi wa huku wakaibeba kwa miguu hadi bandari ya Lindi, zaidi ya tani 200, mpaka mnyama mzima akasimama kwenye jumba la makumbusho Berlin. Mkoa uliobeba dinosaria haunisikilizi mimi kwa gunia moja. Nikalifunga kwa kamba za mpira.

Mikindani barabara inaambaa na ghuba, mikoko upande mmoja, nyumba kongwe za mawe upande wa pili. Livingstone alianzia hapa safari yake ya mwisho kwenda bara, mwaka 1866, akiwa na kundi la watu na ngamia juu, wala hakujidai anasafiri peke yake. Dada mtu alilipokea gunia, akalipima kwa macho, akapiga simu Lindi kuuliza kama ndilo lote. Kisha akanipakulia wali na samaki, na kabla sijanawa, kikapu cha korosho kikawa kimeshasimama kando ya pikipiki.

"Ukirudi, utapita Lindi, si ndiyo?"

Kwa hiyo, msomaji, ukitaka upweke, kodi chumba, funga mlango, zima simu. Ukitaka kwenda Mtwara kwa pikipiki, nenda, njia ni nzuri na watu ni wazuri kuliko njia. Chukua pampu, viraka, kamba za mpira za kutosha, na usisahau kofia ya pili. Baba wa watu akipanda bila kofia, faini inalipwa na mwenye pikipiki.