Arobaini ya Samaki

Muuzaji aliapa kwamba yale madoa ni ya kuzaliwa. "Kaka, huyu duboisi. Wadogo wako hivyohivyo, weusi tii na madoa meupe mwili mzima. Wakikua yanafutika."

Alisema kweli. Tropheus duboisi wa Ziwa Tanganyika ndivyo alivyo utotoni. Ila ugonjwa unaotunyima usingizi sisi wafuga samaki wa maji baridi nao huja kwa madoa meupe mwili mzima. Kumkagua samaki huyu ni kama kumsaka mwenye ndui katika kundi la kanga.

Nyumbani nina tangi la lita 200 na samaki sita wa njano wa Ziwa Nyasa. Nikasema huyu ataanza na karantini. Muuzaji akatikisa kichwa: samaki wa kudekezwa huyo, hula mwani wa mawe, ukimpa nyama anavimba tumbo, na upweke hauwezi. "Ukimtenga atakufa kwa mawazo." Tukavutana weee, mwisho akanituliza kwa nyongeza: mmea mdogo aliouchomoa kwenye tangi la samaki dhahabu. Nikaupachika kwenye tangi kubwa jioni ileile. Pakapendeza.

Karantini yenyewe ilikuwa beseni la kufulia, pampu ndogo ya hewa, kipande cha chungu cha kujifichia, na maji ya bomba yaliyolala siku nzima klorini itoke. Mke wangu, mtu wa Unguja, akaliita beseni Changuu, kwa kile kisiwa chao chenye jina la samaki kilichokuwa kituo cha karantini.

"Atakaa siku ngapi?"

Nikajitia usomi: neno lenyewe asili yake ni la Kiitaliano, limetokana na arobaini.

"Kumbe kajifungua," akasema. "Na mimi nifulie wapi?"

Tukapatana wiki nne.

Kila usiku nikachuchumaa bafuni na tochi ya simu, nahesabu madoa. Jumatatu 41. Jumanne 44, roho juu. Jumatano 38, kwa kuwa aligeuka katikati ya hesabu. Siku moja mke wangu alinisikia nikibembeleza, "Geuka kidogo, mrembo," akaja mbio kuangalia niko na nani. Mrembo mwenyewe wala hakuwa na mawazo. Alikula, akanenepa, akaanza kukifukuza kidole changu.

Wiki ya pili, wale sita wa tangi kubwa wakaanza kujikuna kwenye mawe. Kesho yake wako kama waliorashiwa chumvi. Hao hawana madoa ya kuzaliwa, sikuhitaji kuhesabu.

Nililaumu kiwavu, nikalaumu mikono yangu, mpaka macho yakatua kwenye mmea wa nyongeza. Kijidudu cha ugonjwa huu kikishiba ngozini huanguka, kikajibandika popote, hata kwenye jani, kikajigawa mamia kwa mamia. Kwa joto la Dar, mzunguko mzima haumalizi wiki. Dawa haikipati kikiwa ngozini wala kikiwa kwenye ganda lake. Ukivizie kinapoogelea kutafuta samaki.

Nimesimama na chupa ya dawa mkononi, mke wangu akachungulia tangi, akachungulia beseni.

"Sasa hapa, Changuu ni ipi?"

Wale sita wanaendelea vizuri. Yule wa beseni wiki zake nne ziliisha Jumapili, lakini sijamruhusu kutoka. Huko nje kuna maradhi. Nguo tunafulia kwa jirani.