Jinsi ya Kumsamehe Kiboko Shilingi Milioni Mbili

Mwongozo huu ni wa mkazi wa kisiwa cha Mfangano, Kenya, aliyeng'atwa na kiboko, akapona, na sasa amekusudia kudai fidia yeye mwenyewe bila wakili. Kwanza, pole na hongera: wengi wanaokutana na kiboko majini hawabaki na la kusimulia. Pili, ondoa wasiwasi. Ukiyafuata maelekezo haya barabara, hutapata hata ndururu.

Yafaa kwanza ujue unachokwenda kukipoteza. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013, iliyoanza kutumika Januari 2014, inasema katika kifungu cha 25 kwamba aliyejeruhiwa na mnyama aliyetajwa katika jedwali lake anaweza kupeleka dai kwa kamati ya fidia ya kaunti. Kiboko yumo, mamba yumo. Familia ya aliyeuawa hulipwa shilingi milioni 5. Jeraha lililoleta ulemavu wa kudumu ni milioni 3. Majeraha mengine ni hadi milioni 2, kwa kadiri ya ukubwa wake. Katika sheria ya zamani uhai wa mtu ulikuwa laki 2 na jeraha elfu 50.

Wakili hatajwi popote hapo kama sharti. Kiboko hana bima, lakini nyuma yake kuna Serikali, na hakuna atakayekutaka uthibitishe kwamba alizembea au kwamba wewe ulikuwa upande wako wa ziwa. Dai lenyewe ni jepesi. Kulipoteza ndiko kunakotaka bidii.

Anza kwa kutokwenda hospitali. Nunua vidonge dukani, funga kitambaa, ulale. Ikibidi ukapelekwa kituo cha afya cha Sena, mwambie tabibu umeanguka kwenye mawe, kwa sababu habari ya kiboko ni ndefu na usiku umekuwa mwingi. Ataandika: "ameanguka". Basi. Karatasi ya kwanza katika faili lako imekuwa shahidi wa kiboko, na kila karatasi itakayofuata itaulizwa kwa nini inabishana nayo. Ukiweza, toa pia jina ambalo halimo kwenye kitambulisho, lile unaloitwa ufuoni. Kamati itakuwa na watu wawili, mmoja aliyeumia na mwingine anayedai, na haitajua imlipe yupi.

Asubuhi, itengeneze mashua. Ubao uliovunjwa na meno ya kiboko ung'olewe na utiwe moto wa chai kabla hajatokea mtu wa kuupiga picha. Omena hawangoji upelelezi, na mwenye mashua naye hangoji. Usiandike majina ya wenzako mliokuwa nao. Wavuvi wetu huhama na samaki: aliyekuvuta majini ukiwa unavuja damu anaweza mwezi ujao kuwa kisiwa cha Remba au Ringiti, na simu yake haishiki. Mwenyekiti wa BMU, kikundi cha kusimamia ufuo, angekuandikia barua, na chifu vilevile, lakini hao si watu wa kusumbuliwa kwa jambo dogo kama paja. Maafisa wa wanyamapori wa KWS nao waachie nafasi hadi mvua inyeshe mara mbili tatu. Mfangano haina mbuga. Afisa anayetoka bara kuja kuthibitisha tukio atafurahi kukuta ufuo msafi, usio na nyayo wala kinyesi cha mnyama, akarudi na taarifa fupi.

Polisi ni hivyohivyo. Kuandikisha tukio katika OB, kitabu cha matukio, kunachukua dakika chache, na dakika chache ni mali. Fomu ya P3 hutolewa bure, na cha bure kina walakini. Ngoja mwaka mmoja, kovu lifunge vizuri, kisha umpelekee tabibu ambaye hajawahi kukuona. P3 inamtaka aseme madhara ni ya kiwango gani. Hapo unyamaze kabisa. Usimwonyeshe kidole kisichokunjika, usiseme kwamba tangu siku ile huwezi kuvuta wavu wala kupanda ngazi. Kati ya "jeraha" na "ulemavu wa kudumu" pana milioni nzima, na tabibu haandiki alichofichwa.

Sasa umeiva kukutana na broka. Usimtafute, atakuona ukishuka Mbita. Atakuita jaduong', yaani mzee, hata kama una miaka 26, atakuuliza habari za nyumbani, kisha atakunong'oneza kwamba ana mtu wake ndani. Mpe karatasi zote, tena zile halisi. Nakala ni za watu wasioaminiana. Atakwambia mwombe milioni 5. Usimkumbushe kwamba kiasi hicho hulipwa kwa ajili ya marehemu. Atataka theluthi, pamoja na kitu kidogo cha kuanzia kupitia M-Pesa. Hapa pana jambo la kufurahisha: wakili halisi amekatazwa na Sheria ya Mawakili kukubaliana nawe kwamba atachukua fungu la fidia, na asiye wakili amekatazwa kujifanya wakili. Kwa hiyo umempa mtu mmoja kazi mbili zilizokatazwa, na akizima simu huna pa kumshtaki ila kwa Mungu.

(Ikiwa kilichokuumiza ni pikipiki katika barabara ya kisiwani, mwongozo wako ni mwingine na ni mfupi zaidi: kaa tu. Kesi ya madhara hufungwa na muda baada ya miaka 3, na ikiwa pikipiki ilikuwa ya Serikali, baada ya miezi 12. Huna haja ya kuchoma ubao wowote.)

Ukishapeleka faili, kama kwa bahati mbaya lilifika, usiulize lilipo. Katika hatua hii Serikali yenyewe itakusaidia. Kamati ya kaunti huhakiki na kupendekeza. Dai hupanda kwa Waziri. Halafu hungoja fedha. Madai yaliyokwisha kukubaliwa yamewahi kukaa miaka bila kulipwa, na hapa kwa kweli utani wangu unaisha, maana mvuvi aliyefanya kila kitu sawasawa hungoja foleni ileile na aliyebahatisha. Tofauti ni kwamba mmoja ana nakala nyumbani na namba ya dai, naye anaweza kwenda ofisini Homa Bay kuuliza limefika wapi. Mwingine ana kovu.

Na iwapo utajibiwa kwamba umekataliwa, au umepewa kidogo mno, kasirika kwa siku 31 mfululizo. Sheria imekupa 30 tangu kuarifiwa, uende kukata rufaa katika Jopo la Kitaifa la Mazingira, na kutoka hapo katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Atakayekwenda siku ya 29 hatakuwa ameufuata mwongozo huu, na mbele ya Jopo hilo ataruhusiwa kusimama na kujisemea mwenyewe, bila wakili.