Hotuba ya Kutangaza Kiwango cha Kindu Namba Moja

Papa na mama wote mlioketi, mafundi wa garaji, wapiga kafi wa Lualaba, na ninyi ndugu zangu makadhafi mnaouza mazutu kwa bidoni kando ya barabara: tulieni mfundishwe. Anayesimama mbele yenu ni Profesa Mkuu wa Moshi, Mazutu na Mambo Yanayofanana Nayo, cheo ambacho hakuna chuo kilichoninyima, kwa sababu sikukiomba popote. Somo la leo ni zito: kwa nini pikapu mpya kabisa, iliyoundwa kwa akili yote ya Japani na kwa hofu yote ya Ulaya, ikifika Kindu huugua mapema kuliko mwenzake mzee aliyezaliwa enzi za Mobutu. Wajinga husema gari ni bovu. Wajinga waliobobea husema limerogwa. Mimi nasema, na nitathibitisha, kwamba tatizo ni sheria: sheria ya moshi iliyofika kwetu nusu, nusu yake ya pili ikabaki ng'ambo.

Tuanze na majina, maana mtaalamu asiyejua majina ya vitu ni dereva asiyejua gia. Mtu wa Dar es Salaam akiomba petroli anataka kile tunachokiita esanse. Akiomba hivyo kwetu atapewa mafuta ya taa, na safari yake itaishia hapo hapo. Dizeli yake ndiyo mazutu yetu. Ndani ya mazutu mna salfa, inayotoka nayo ardhini, na wakubwa wa Umoja wa Ulaya kule Brussels wamekuwa wakiipimia kwa ubahili uliozidi mwaka hadi mwaka. Mwaka 1996 waliruhusu sehemu 500 kwa kila milioni. Mwaka 2000 sehemu 350. Mwaka 2005 sehemu 50. Na tangu 2009 ni 10 tu. Sasa tegeni masikio. Mwaka 2005 ndipo walipoanza kudai magari ya kiwango cha moshi cha Euro 4, na 2009 ndipo walipoanza kudai ya Euro 5. Wamarekani nao walianza kuuza mazutu ya sehemu 15 mwaka 2006, ndipo malori ya 2007 yakatoka kiwandani na chujio la masizi. Hakuna hata mmoja kati yao aliyeamuru gari liwe safi huku akilinywesha uchafu. Mafuta na gari vilikwenda pamoja, kama mtumbwi na kafi yake. Anayebisha achukue kafi peke yake, bila mtumbwi, avuke nayo hadi Alunguli, ng'ambo ya Lualaba.

Kwa nini viende pamoja? Kwa sababu pikapu ya leo ina tumbo la kitajiri. Humo mna chujio la masizi, tofali la kauri lenye vijitundu vingi kama sega la nyuki, linalonasa masizi kisha kuyachoma lenyewe likipata joto la nyuzi kama 600. Joto hilo huja gari likikimbia kwa muda mrefu kwenye barabara nzuri. Hapo ndipo sheria ya Brussels inapokutana na njia ya Kindu kwenda Kasongo, ambako mwendo wa pikapu na wa baiskeli iliyosheheni mawese hautofautiani sana, na masika yakikolea baiskeli hushinda. Chujio linajaa, taa ya njano inawaka, kompyuta inaamua kwamba dereva hastahili nguvu zote za injini. Salfa nayo ikiungua huongeza chembe zake kwenye chujio hilohilo na kulemaza madini ya thamani yanayosaidia uchomaji. Pikapu nyingine zinadai kinywaji cha pili, urea ya asilimia 32.5 iliyochanganywa na maji yaliyotakaswa. Urea, ndugu zangu, mbolea ileile ya mahindi! Na kwa vile jina lake linatokana na mkojo, nawaonya vijana wa garaji wasijaribu njia ya mkato. Kinywaji hicho huchakaa upesi kikihifadhiwa katika joto la kupita nyuzi 30, yaani mchana wowote wa Kindu. Na kikiisha, ukizima gari haliwaki tena, hata kama tangi la mazutu limefurika. Linganisheni na Land Cruiser ya injini ya 1HZ, iliyoanza kuundwa mwaka 1990: silinda 6, lita 4.2, haina turbo, haina chujio la masizi, haiombi mbolea. Watu huisifu kwamba ni shujaa wa kuvumilia uchafu. Ushujaa gani? Haina tu kitu cha kuziba.

Nasikia msomi akinong'ona kule nyuma: Profesa, hayo yamepitwa na wakati, Kenya, Uganda, Tanzania, Rwanda na Burundi zilishuka hadi sehemu 50 Januari 2015, nasi tumeingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, basi tumeokoka. Hoja ni nzuri, na nimeikubali kwa dakika mbili nzima. Lakini sehemu 50 ni chakula cha Euro 4. Pikapu ya Euro 6 imelelewa kwa 10. Tena kipimo hicho husomwa bandarini, na kutoka bahari yoyote hadi Kindu kuna lori, kuna reli, kuna mto, na kuna mikono. Mazutu hutoka kwenye tangi yakaingia kwenye pipa, kutoka pipani yakaingia kwenye bidoni la njano lililowahi kubeba mafuta ya kupikia, na kila yanapohamishwa mlango hufunguka: maji yanaingia, mchanga unaingia, na petroli, ile yetu ya taa, huingia nayo pale bei inaposhawishi. Tazameni mwisho wa safari. Kadhafi anainamisha bidoni juu ya faneli, na kwenye faneli ametandika kitambaa, kipande cha kitenge kilichochoka. Hiyo ndiyo maabara yetu. Inanasa mchanga, inanasa majani, siku ya bahati inamnasa mende. Salfa haiinasi, kwa kuwa imeyeyuka ndani ya mazutu kama sukari ndani ya chai.

Msomi wa pili ni fundi, na somo la fundi ni la vitendo: kata chujio, danganya kompyuta, gari liende. Dawa hiyo inafanya kazi, na hilo ndilo linalonitia aibu. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilihesabu magari madogo ya mitumba milioni 14 yaliyouzwa nje kati ya 2015 na 2018 kutoka Ulaya, Japani na Marekani, na Afrika ndiyo iliyopokea fungu kubwa, asilimia 40. Wakaguzi wa Uholanzi walikuta mengine yameshanyofolewa vifaa kabla hata hayajapanda meli. Kwa hiyo fundi wetu, pamoja na ustadi wake wote, anakamilisha kazi iliyoanzwa na wengine. Mwaka 2016 shirika la Uswisi la Public Eye lilipima mafuta ya vituo katika nchi 8 za Afrika, likakuta mazutu yenye salfa hadi mara 378 ya kikomo cha Ulaya, na likaonyesha kwamba bandari za Antwerp, Rotterdam na Amsterdam ni jiko kubwa la kuchanganyia mafuta ya namna hiyo. Antwerp hiyohiyo ndiyo lango kubwa la mitumba inayokuja kwetu. Yaani gari na chakula chake kibovu hutoka mlango mmoja. Moshi wa Ulaya umepata viza ambayo Mkongo huipanga foleni.

Nilikuwa nimejiandaa, kama mzalendo, kuwaambia kwamba haidhuru, msitu wa mkoa wetu wa Maniema utaumeza moshi wote. Ushahidi umenizuia. Juni 2012 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani iliuweka moshi wa dizeli katika kundi la vitu vinavyojulikana kuleta saratani kwa binadamu. Msitu ni mkubwa, lakini hausimami nyuma ya pikapu sokoni. Anayesimama pale ni mama muuza sombe na mtoto mgongoni. Kwa hiyo sheria ya moshi si upuuzi wa wazungu. Upuuzi ni kutuletea gari lake bila mafuta yake, au mafuta yake kwenye karatasi na si kwenye bidoni.

Wapo watakaodai kwamba hata wakubwa wanarudi nyuma: Agosti 2025 serikali ya Marekani iliwataka watengenezaji walegeze kompyuta zinazoduwaza lori pindi urea inapoisha. Ni kweli, na nawapongeza kwa kufika, ingawa wamechelewa, kwenye elimu ya njia ya Kasongo. Lakini angalieni walicholegeza. Wamemwongezea dereva muda wa kufika, hawakumrudishia salfa. Hata anayelegea kule analegea juu ya mafuta safi.

Lipo pia pendekezo langu la kishujaa: mawese. Kwenye maonyesho ya Paris ya mwaka 1900 injini ya dizeli ilitembezwa kwa mafuta ya karanga. Mwaka 1937 Mbelgiji alipata hataza ya kugeuza mawese kuwa mafuta ya gari, na mwaka 1938 basi likayatumia kati ya Brussels na Louvain. Salfa ndani yake karibu hamna. Pingamizi ninalijua, nalo limepikwa: sombe bila mawese ni nini? Nimelipima kisayansi na nimeshindwa. Lita inayoingia tangini imetoka sufuriani, na mimi nitakula wapi?

Basi, kwa mamlaka niliyojipa, natangaza Kiwango cha Kindu Namba Moja. Kifungu cha kwanza: mafuta yatangulie gari, na yapimwe pale yanapomwagwa, si pale yaliposhushwa na meli. Cha pili: anayetuuzia pikapu atuuzie na chujio lake, na fundi apewe funguo za kompyuta yake. Cha tatu: mpaka viwili hivyo vitimie, maabara rasmi ya mkoa itabaki kitambaa cha kadhafi, naye ataruhusiwa kuitwa mkaguzi. Ninachomwomba ni kimoja tu: akifue mara kwa mara.