Mkubwa, Umesahau Meli

Sokoni Kangemi mimi ni mtu wa kuogopwa. Akina mama wa nyanya wakiniona nikishuka na kikapu kutoka kwetu Mountain View, wanaanza kupunguza mafungu mapema. Silaha zangu si nyingi. Nikitajiwa bei nacheka. Kisha nataja nusu yake. Wakikataa naondoka, ila polepole, kama mtu anayetafuta shilingi iliyomdondoka. Miaka yote hiyo sijawahi kupiga hatua ya tano kabla ya kusikia nyuma yangu: "Haya, kuja basi, kastama!"

Kwa hiyo nilipoamua kununua gari, sikuona sababu ya kumhusisha mtu mwingine. Mama watoto aliiona. "Baba," akasema, "nyanya hata ukipunjwa, zinaisha jioni."

Gari lenyewe lilikuwa limenikosesha usingizi tangu Krismasi: Honda Fit RS. Ni kale kagari kafupi kasiko na buti ya kuchomoza nyuma, lakini hili limevalishwa bampa za mashindano, kibawa juu ya kioo cha nyuma, na gia sita za mkono. Mwanamume wa miaka 44, mwenye watoto wawili na mkopo wa chama, anahitaji gia sita za nini? Sijui. Waiyaki Way saa kumi na mbili jioni inahitaji gia moja, na hiyo nayo unaitumia nusu. Gari langu la zamani, NZE, nilikuwa nimemuuzia shemeji, ambaye hadi leo analipa kwa salamu.

Kwanza tuelewane kuhusu neno "mpya". Zipo mpya za kweli; hata Polo Vivo ilianza kuunganishwa hapa Thika mwisho wa mwaka 2016. Lakini Nairobi ukisikia mtu amenunua gari jipya, mara nyingi ujue kuna Mjapani aliyeliendesha miaka saba bila kulia chipsi ndani yake. Kanuni zetu zinakataa gari lililozidi miaka minane tangu lisajiliwe kwao mara ya kwanza, kwa hiyo mwaka jana, 2025, mlango ulikuwa wazi kwa magari ya kuanzia 2018. Linashushwa Mombasa, linapandishwa Nairobi, linaoshwa, viti vinavishwa nailoni, na hapo linazaliwa upya.

Nilijiandaa kama mtahiniwa wa KCSE. Nilichukua karatasi nikaandika ushuru wa forodha asilimia 35, ushuru wa bidhaa asilimia 20 kwa injini isiyozidi cc 1,500, VAT asilimia 16, na tozo mbili ndogo za mwisho. Ubaya wa zile tatu za kwanza ni kwamba kila moja hupanda mgongoni mwa iliyotangulia. Ukimaliza kuzijumlisha, kila shilingi 100 ya thamani ya gari imezaa zaidi ya 90 za KRA. Na thamani hiyo haitoki kwenye risiti yako ya Japani: wana orodha yao wenyewe ya bei, ndipo wanapunguza uchakavu kwa kuhesabu miaka. Injini ya Fit RS ina cc 1,496. Nilifurahia sana hizo cc nne zilizobaki, utadhani nimeziokoa mimi. Hesabu yangu ikafika milioni moja na laki nne. Nikaipigia mstari mara mbili.

Siku yenyewe nilivaa akala na sweta yenye tundu kwenye kiwiko, ili nisionekane mwenye pesa. "Unaenda kununua gari ama kuomba?" mama watoto akauliza. Sikumjibu.

Yadi ilikuwa Ngong Road, mbele kidogo ya Adams Arcade. Gari lilisimama katikati ya Land Cruiser mbili kama mtoto aliyeshikwa mikono na wajomba. Rangi ya chungwa. Nilikuwa nimeazimia kulipita kwanza, niulizie gari jingine kabisa, lakini uso wangu ukafanya mambo yake. Nilipojitambua, mkono ulikuwa juu ya paa, unalipapasa kama ndama. Kwenye bampa kulikuwa na mkwaruzo wa urefu wa kidole. Yule kijana wa yadi, koti la buluu na viatu vilivyochongoka, akafungua kinywa aueleze. Nikamtangulia: "Ah, hiyo si kitu, inang'arishwa tu." Ukipenda chongo huita kengeza, mimi nilimsomea kengeza hiyo mwenye mali.

"Mkubwa," akasema, "hii ni milioni moja na laki nane na nusu. Lakini bei ni maelewano."

Nikacheka, kicheko changu kile cha Kangemi. Kijana akacheka pia. Askari wa getini akacheka, na hakuna aliyemwambia chochote. Tukacheka sote watatu, na wa kwanza kuishiwa kicheko nikawa mimi.

"Laki tisa," nikasema, maana nusu ni nusu.

"Laki tisa nakupa bodi. Injini utajitafutia Kirinyaga Road."

Hapo nikatoa karatasi. Aliisoma yote, kwa heshima, akifuatisha kidole. "Hesabu ni safi sana, mkubwa. Lakini umesahau meli." Akaomba kalamu yangu. Akaandika nauli ya meli, gharama za bandari, wakala wa forodha, dereva wa kulileta kutoka Mombasa, namba, kodi ya uwanja, na askari, ambaye alipotajwa akapunga mkono. Mstari wa mwisho akaandika "mimi nile". Karatasi yangu, iliyotoka nyumbani ikisema milioni moja na laki nne, sasa ilisema milioni moja, laki tisa na elfu thelathini. "Kwa hivyo ukiangalia vizuri," akasema akinirudishia kalamu, "mimi ninakupunguzia elfu themanini."

Nikaona nimwonyeshe kwamba mimi si mshamba wa magari. Nikamuuliza RS maana yake nini. Akasema ni Racing Sport. Nikacheka kwa pua. Nikamweleza kwamba Honda waliitumia kwenye Civic mwaka 1974, na kwao ilisimamia Road Sailing, yaani kwenda barabarani kwa raha kama chombo kilichotweka tanga.

Akatulia akifikiri. "Kumbe ni meli pia?" akasema. "Hiyo sikuwa nimeweka kwa bei."

Siku ya pili nilikuja na fundi wangu wa Kangemi. Tulikuwa tumepatana vizuri njiani: kazi yake ni kutafuta makosa, na asipoyaona, atikise kichwa tu na kuguna. Nilimlipa 1,500 mapema. Boneti ikafunguliwa. Fundi akainama, akawasha tochi ya simu, akanyamaza muda mrefu. Aliponyanyuka, uso wake ulikuwa wa mtu aliyetoka kuombewa.

"Wueh!" akasema. "Bosi, hii usiiache."

"Hakuna kitu inavuja?" nikauliza, huku namkazia macho.

"Ivuje nini? Miaka kumi na tisa nimefungua injini, sijaona safi hivi." Kisha akamgeukia kijana: "Hii mnauza pesa ngapi? Hiyo ni bei nzuri."

Silaha iliyobaki ilikuwa miguu. Nikasema basi, bei ikikataa, mimi nimeenda. Nikatoka getini kwa mwendo wangu ule. Hatua ya nne, kimya. Ya kumi, kimya. Kufika Adams Arcade nilikuwa nimepunguza mwendo hadi mama mmoja wa ndizi akaniuliza kama niko sawa. Simu ikalia nikiwa karibu Prestige, nikaiacha ilie mara tatu ili nisionekane na pupa. Alikuwa fundi. "Bosi, umeniacha huku, na hawa watu wananipa chai. Unarudi?"

Jua lilikuwa kali. Nikajinunulia soda, nikaiburuza nusu saa, nikarudi kilomita ile yote. Getini nikamwambia askari nimefuata kofia niliyoisahau.

"Iko kichwani, mzee," akasema.

Jumamosi mama watoto akaja. Hakuligusa gari. Aliomba maji ya kunywa, akaingia kiti cha nyuma, akafunga mlango, akakaa humo peke yake kama dakika mbili, akatoka. Kijana akamwonyesha jinsi viti vya nyuma vinavyokunjwa kwenda juu hadi mtungi wa maua unasimama wima. Mama watoto akamwacha amalize. Kisha akauliza, "Spea iko wapi?"

Kijana akainua sakafu ya buti. Pale ambapo gurudumu lilipaswa kulala palikuwa na pampu ndogo kama sanduku la chakula cha mtoto, na chupa ya gundi.

"Hivi ndivyo inatoka Japani, mama. Ukipata pancha unamimina hii, unapiga upepo, unaendelea."

"Sisi tunakaa Mountain View," akasema, akaondoka.

Na hapo ndipo nilipoona kosa langu la miaka yote. Mimi nikiondoka, mgongo wangu unasikiliza. Yeye alitembea kama mtu aliyeacha chapati motoni. Kijana alimfikia getini akihema. Mama watoto hakucheka, hakutaja bei hata moja. Yule kijana aliteremka peke yake, kama mtu anayeshuka ngazi gizani. Milioni na laki nane. Laki saba na themanini. Kila alipofika kituo, alikuta kimya, akashuka kingine. Alisimama kwenye milioni moja, laki saba na elfu arobaini, na spea, na jeki, na mazulia, na mafuta ya kutufikisha nyumbani. Mkwaruzo waung'arishe wao.

Pesa zikaenda kwa benki, uhamisho wa umiliki ukafanyika kwenye eCitizen, na siku hiyo nikatia sahihi nyingi hadi jina langu likanitoka ladha. Tulipoingia garini nikamuuliza alijuaje kwamba kijana angeshuka hivyo.

"Sikujua," akasema. "Sikuwa nalitaka."

Tukapitia Lavington, nikiwa na kichwa juu. Nilipowasha gari pale yadini mwanamke alikuwa amesema maneno ya Kijapani ndani ya dashibodi, kwa adabu sana, nami nikadhani anatukaribisha. Pale James Gichuru, mahali Expressway inaposhukia Waiyaki Way, nikaiachia klachi vibaya, injini ikazima. Nikawasha. Mwanamke akasema tena. Matatu ya Kangemi ikapiga honi, injini ikazima, nikawasha, akasema. Mama watoto akainua simu yake imtafsirie.

"Anasema hujaweka kadi ya kulipia barabara," akasoma.

"Mwambie hatupandi juu, tunapita hapa chini."

Nikajaribu redio ili nimfunike. Redio za Japani masafa yake huishia chini, na nyingi ya idhaa zetu ziko juu ya hapo. Radio Citizen iko 106.7, na kwa gari langu huko ni mbinguni. Kwa hiyo tuliingia Kangemi sisi watatu, na mmoja tu ndiye aliyekuwa akizungumza.

Mtaa wetu unaitwa Mountain View, na wageni huuliza mlima wenyewe ni upi. Jioni hiyo niliujua. Ni tuta la kwanza baada ya geti. Bampa za mashindano huning'inia chini kuliko unavyodhani, na sauti iliyotoka pale ilimtoa jirani ndani na kijiko mkononi. Akalizunguka gari, akachungulia chini, akaja dirishani na swali.

"Umechukua pesa ngapi?"

"Moja nukta sita," nikasema.

"Walikuweza," akajibu. "Binamu yangu alipata kwa moja nukta tano."

Jumatatu asubuhi simu ikalia. Ilikuwa namba ya yadi. "Mkubwa, habari ya meli? Safari hii kofia umeiacha kweli, iko kwa meza hapa. Na kuna kibawa kingine cha nyuma kimeingia, kikubwa kuliko hicho. Ukija kwa kofia, tutaongea."

Nikampa mama watoto simu.