Ndovu Juu ya Sindano

Sijui nani aliwaambia watu kwamba dawa ya santuri inayoruka ni pesa. Hapa Kitale, mtu akisikia Daudi Kabaka amekwama kwenye neno moja, haulizi lolote. Anatia mkono mfukoni. "Weka shilingi juu ya ule mkono wa gramafoni, itatulia."

Shilingi gani? Hapo ndipo baraza linapoanza. Sarafu zilizotoka 2018 ni mbuga nzima ya wanyama: shilingi moja ina twiga, tano kifaru, kumi simba, ishirini ndovu. Twiga akishindwa, nashauriwa nimpandishe kifaru. Jirani yangu kinyozi, ambaye muziki wake wote unakaa ndani ya simu, alifika hadi kwa ndovu bila kupepesa macho.

Jamani, sindano inataka gramu chache tu. Ukiitwika ndovu haitaruka, ni kweli. Plau ya trekta nayo hairuki, lakini tazama inachoacha nyuma. Sauti nyembamba ndizo zinazokwanguliwa kwanza. Utabaki na besi na mkwaruzo.

Santuri zenyewe ni za mjomba wangu wa Bungoma, na gramafoni pia. Ni zile ndogo za mizunguko 45 kwa dakika, tundu pana katikati, nyingine wimbo umegawanywa pande mbili. Gitaa likianza kunoga, unainuka kwenda kugeuza. Alizihifadhi bila majalada, ndani ya katoni chini ya kitanda, ubavuni mwa gunia la mahindi. Nikampigia simu kulalamika.

"Hizo hazijawahi kuruka hapa Bungoma," akasema. "Labda ni baridi ya huko Kitale."

Basi nikaziosha. Maji vuguvugu, tone la sabuni ya vyombo, kitambaa laini kinachozunguka kufuata mifereji, karatasi ya katikati isilowe. Nyingi zikapona hapo hapo. Lilikuwa vumbi tu, na vumbi la Bungoma halina haraka ya kuhama. Iliyokataa ni "Helule Helule" ya Kabaka, ule wimbo ambao The Tremeloes wa Uingereza waliuchukua wakaingia nao kwenye chati za kwao 1968. Nikaimulika tochi kwa ubavu: kumbe tone la nta ya mshumaa, dogo, limeziba mfereji. Nililibandua kwa kijiti cha meno, polepole, kwa kufuata mfereji na si kuukata. Santuri iliyochanjwa kwelikweli haina dawa. Unaizoea tu, kama hujaizoea tayari.

Sasa kimebaki kilio cha sindano, maana mjomba aliichosha kwa shilingi za enzi za Jomo. Nimeiulizia Kitale nzima. Juzi, duka moja karibu na steji, muuzaji akaitikia mara moja, "Ipo, boss," akanitolea pakiti. Za cherehani. Nikamweleza nataka ya kuchezea santuri. Akazigeuzageuza, akasoma namba, akafikiri.

"Basi jaribu hii nene."